Ulipouliza Kama Niko Tayari

Kwa Mama Mutheu, mke wangu,

Nakusalimu kutoka Riyadh, mahali ambapo mtu akipiga chafya anatoa mchanga. Mimi ni mzima, ila kifua hunibana nikilala chini ya kiyoyozi, na kuna kitu kingine kinachonibana kuliko kifua, ambacho ndicho kimenifanya nitafute karatasi. Mutheu jino lake limetoka au bado mnalitikisa? Mama yangu goti limetulia, au bado anakataa kliniki na kusema ni baridi tu? Na wewe u hali gani? Nimekuuliza mwisho, lakini si kwamba uko nyuma. Siku hizi uko mbele kabisa, mimi nakuona mgongo tu.

Ulisema nisikupigie simu, kwamba nikipiga nitakugombeza, nisipogombeza nitanyamaza, na vyote viwili umevichoka. Ukasema, "Niandikie, Baba Mutheu. Ukiandika huwa unamaliza sentensi." Basi naandika. Kyalo, jirani yetu anayelinda ghala hapa Batha, anakuja likizo na ndiye atakayekuletea barua hii mkononi. Ikifika imefunguliwa, ujue ni yeye.

Nianze na ile picha ya kwanza, ya mashindano ya shabaha ya pale timboni. Umesimama nyuma ya yule mpigaji mnene, umenyoosha mkono wenye kisaa cha mlio karibu na bega lake, uso umeukaza kama mtu anayepimiwa unga na muuzaji asiyemwamini. Umependeza, sikatai. Lakini juu ya kichwa chako kuna mwavuli, na mwavuli umeshikwa na mkono, na mkono ni wa Festus.

Nilimwonyesha Kyalo nikidhani atanipa moyo. Ilikuwa Ijumaa, tumekaa Batha kwenye ngazi za duka la simu, tunakunywa chai.

"Huyu wa mwavuli ni nani?" akauliza.

"Ni Festus. Anaandika alama za klabu."

"Na hizo alama zinaandikwa juu ya kichwa cha bibi yako?"

Nikamwambia jua la timboni ni kali na si vibaya karani kumsaidia mwamuzi. Akanipiga begani. "Buda, wewe hapa unachomeka na hii jua, mama watoto huko anawekewa kivuli. Ningekuwa mimi singelala." Akairudia ile picha, akaivuta iwe kubwa. "Lakini hii game yenyewe ni ya nini? Watu wanapigana risasi na mama amesimama tu hapo?"

Nikamweleza kwamba hakuna anayepigana. Mtu mwenye leseni yake anapita kituo hadi kituo akilenga karatasi na vibao vya chuma kwa bastola, na anahesabiwa shabaha pamoja na mwendo. Nyuma yake yupo mwamuzi. Huyo hatazami shabaha hata kidogo, anatazama mkono wa mpigaji na mdomo wa bastola. Ukielekea mahali pabaya anasema simama, na mtu anafunga virago aende kwake hata awe nani. Mwamuzi ndiye anayemuuliza mpigaji kama yuko tayari, ndiye anayebonyeza kisaa kipige mlio, na hakuna anayekanyaga mbele mpaka yeye aseme uwanja ni salama.

"Kumbe mama ndiye mkubwa wa wote hapo," Kyalo akasema.

Nikanywa chai yangu. Mkubwa wa wote hapo nilikuwa mimi.

Wacha nikukumbushe, maana huenda umesahau. Klabu ilipokodi lile timbo, mimi nilikuwa mlinzi wa geti. Ni mimi niliyepanga mifuko ya mchanga, nikapigilia fremu za mbao, nikajifunza kanuni mpaka wakanipeleka kufanya mtihani na kunipa shati la rangi ya damu ya mzee. Wewe ulikuja na birika na ndoo ya maandazi. Ukaanza kubandika vile vibandiko kwenye matundu ya risasi kwa sababu uliona vijana wanachelewa na chai yako inapoa. Sikukuzuia. Nilifurahi hata, kwa sababu nikigeuka nilikuwa nakuona.

Halafu ukataka kujua na mengine, mpaka na wewe ukafanya mtihani wa uamuzi. Unakumbuka ulivyokuwa ukifanya mazoezi jikoni? Mimi nimekaa na sahani, wewe nyuma yangu umeshika mwiko badala ya kisaa. "Uko tayari?" unauliza. Mimi mdomo umejaa isio, mahindi na maharagwe yake. "Simama tayari..." Kisha unapiga mlio kwa mdomo na kunyakua sahani. Nikalalamika kwamba sikukujibu kitu. Ukanirudishia maneno yangu mwenyewe, kwamba mpigaji asiyekuwa tayari ni lazima aseme hayuko tayari, na akinyamaza anahesabiwa yuko tayari, mlio upigwe. Nilicheka nikakubali. Chakula hukunirudishia.

Nilipoondoka na wakala kuja huku kuendesha gari, meneja wa klabu alinishika mkono akaniambia nafasi yangu ipo. Hayo maneno ndiyo nimekuwa nikiishi nayo. Bosi wangu akinipigia honi mimi mwenyewe nikiwa ndani ya gari, nasema moyoni, mimi si dereva, mimi ni mwamuzi niliyetoka kidogo. Madam akinituma mara ya nne kwa siku kurudisha mtindi ule ule dukani, nasema hivyo hivyo. Ikama yangu, kibali cha kukaa huku, imeandikwa dereva, na kafili, yaani bosi aliyenidhamini, ndiye anayeiweka, lakini kichwani nilikuwa nimevaa lile shati.

Na kama vile ni kunitania, huyu bosi naye akawa mpigaji. Kuna klabu ya binafsi nje ya mji, nyuma ya mashamba ya mitende, na huenda huko na bastola yake kwenye kasha kama mtoto na filimbi yake mpya. Siku ya kwanza niliachwa kwenye maegesho pamoja na madereva wenzangu. Tukiwa hapo nikasikia ule mlio mmoja wa kisaa, kisha risasi. Miguu ilinyanyuka yenyewe. Nikaomba nipewe hata gundi, wakanipa vibandiko na ndoo. Sisi wageni hatugusi silaha, mafi, hakuna kabisa, hata kuiokota. Basi nikarudi pale ulipoanzia wewe, nikibandika matundu, na mwamuzi wao, Mjordani mmoja mpole, akisimama mahali pangu. Yeye hajanikosea kitu. Ila kila akiuliza mtu kama yuko tayari, mimi nilikuwa nauliza naye kimoyomoyo, na kila akibonyeza kile kisaa kidole changu gumba kilikuwa kinabonyea.

Ukiwa katika hali hiyo ndipo mkeo anakuandikia kwamba ameitwa kuwa mwamuzi mkuu.

Naam, nilisoma ujumbe wako wote. Mashindano makubwa Naivasha, wapigaji wanatoka mpaka nchi jirani, klabu imekutaja wewe, mtalala huko mpaka yaishe, na mtasafiri kwa gari la klabu. Ukamtaja na Festus kwamba atakuwepo, ukamtaja haraka haraka katikati ya sentensi kama mtu anayepitisha pombe getini. Mwisho ukauliza, "Uko tayari niende?" Kesho yake ukauliza tena. Ukauliza na mara ya tatu. Tiki za buluu uliziona.

Sikujibu. Sasa nikueleze nilichokuwa nawaza, maana hukukijua. Kwetu, baba akinyamaza mezani, hata kuku walikuwa wanatoka nje. Kunyamaza kwake kulikuwa ndiko kukataa kwenyewe, hapakuwa na kukubwa kuliko huko. Kwa hiyo nilipokunyamazia nilijua nimekukataza vikali sana, tena kwa heshima. Nikakaa nikisubiri uniombe radhi. Nilikuwa na wivu, ndiyo, naandika neno lenyewe. Wivu wa Festus, lakini zaidi ya Festus, wivu wa wewe. Sikutaka uende mahali ambapo mimi sijawahi kuitwa.

Katika siku hizo hizo bosi akasema, "Yalla, Jeddah," kwa kuwa huko nako kulikuwa na mashindano. Nikamwendesha njia nzima. Yeye akafikia kwa dada yake mtaa wa Al-Safa, mimi nikaenda kulala Bani Malik kwa vijana wa Kitui waliojazana chumba kimoja na masufuria. Asubuhi nikachukua ndoo yangu ya vibandiko kama kawaida.

Bosi alikuwa amejiandaa vizuri. Aliingia kituo cha kwanza, akajaza bastola, akairudisha kiunoni, mikono ikining'inia. Mwamuzi akamuuliza kama yuko tayari. Niliona kwamba kikinga masikio kimoja kimemkaa vibaya, na yeye mwenyewe alikuwa anakisikia, maana alikuwa anakunja shingo. Angesema neno moja tu. Lakini wenzake walikuwa wanatazama, na yeye ni mtu asiyependa kusema mbele za watu kwamba kuna kitu hakiko sawa. Akanyamaza. Mwamuzi akasema simama tayari, mlio ukapiga, na bosi badala ya bastola mkono ukaenda sikioni. Kilichofuata ni aibu. Alikosa karatasi nzima, akasahau na kibao cha chuma.

Alikata rufaa. Akasema yeye hakusema yuko tayari. Wakamwambia, tena kwa upole, kwamba hakusema hayuko. Halas, yameisha.

Tuliondoka kwa gari mpaka taa nyekundu ya pili. Kisha akaniambia, "Wewe si ulisema kwenu ulikuwa mwamuzi? Niambie. Wamenionea?"

Nilijua anataka nini. Alitaka mtu mmoja Jeddah nzima aseme ndiyo, ameonewa. Na dereva mwenye akili angesema. Lakini jambo lilikuwa la kazi yangu, na mdomo ulinitangulia.

"Hapana, bosi. Uliulizwa. Asiyekuwa tayari anasema. Akinyamaza, mwamuzi hana kosa."

"Hata kama moyoni anakataa?"

"Mwamuzi haoni moyo, bosi. Anasikia mdomo."

Akageukia dirishani. Mimi nikajiona mtu wa haki sana. Nilimshusha langoni kwa dada yake, nikaegesha, nikafungua simu. Ilikuwa picha yako ya Naivasha. Umesimama mbele ya waamuzi wote na kisaa shingoni, na chini yake umeandika: "Nilikuuliza mara tatu kama uko tayari. Ulinyamaza. Nimepiga mlio."

Mama Mutheu, nilikaa ndani ya lile gari na injini imezimwa mpaka jasho likanitoka kwenye soksi. Nilitafuta rufaa, sikuipata. Hukumu nilikuwa nimeitoa mimi mwenyewe, na mate hayajakauka.

Kisha nikaiangalia picha tena, na ndipo nikaliona shati. Lile ni langu. Nilijua kwa kola, pale lilipochanwa na waya wa geti, nawe ukalishona kwa uzi mweusi. Lakini limekaa kiunoni. Umelipunguza, Mama Mutheu. Umeingiza mkasi. Mkono wa Festus naweza kuuvumilia, ni mkono tu, mwavuli ukifungwa unarudi mfukoni. Shati likishakatwa halirudi. Nilililia lile shati, na sioni haya kukuambia, kwa sababu siku zote nilikuwa najiona nashuka uwanja wa ndege nalikuta kwenye msumari nyuma ya mlango.

Kwenye nyumba ile ya Al-Safa anapika dada mmoja wa Likoni, anaitwa Mwanaisha. Chakula cha sisi madereva hutupatia kwenye mlango wa jiko. Siku hiyo aliniletea wali nikauangalia tu.

"Kaka, wanuna nini? Wali wangu una kasoro?"

"Hauna. Ni mke wangu. Amekwenda safari bila ruhusa yangu."

"Hakukuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Akaweka mkono kiunoni. "Subhanallah. Mwataka muulizwe vipi, kwa tarumbeta?" Nikajitetea kwamba yeye hamjui Festus. Akasema hana haja ya kumjua. Halafu akapunguza sauti, maana madam wake alikuwa karibu. "Mie mume wangu hajaniuliza neno tangu nije. Ameuza kitanda changu, ameoa, yote nimesikia kwa watu. Wewe waulizwa mara tatu na wanuna? Mie nakuonea wivu, wallahi."

Akafunga mlango wa jiko. Nikala ule wali wote, ingawa ulikuwa umepoa.

Sasa tumerudi Riyadh, na bosi ananisemesha kwa ufupi lakini ananisemesha. Juzi aliniambia nikishamaliza vibandiko nikae karibu nimtazame mkono wake. Najua hakusahau.

Na ndipo ukaja ujumbe wako wa mwisho, huu uliosema nikujibu kwa barua. Meneja anasema hawezi kuiweka nafasi yangu wazi tena. Anataka kukuandika wewe rasmi, uwe mwamuzi wa klabu wa kudumu, na shati jipya lenye jina lako. Nikija nitapewa kazi nyingine, kufunga fremu au geti. Umesema hutatia sahihi kabla ya kunisikia. Umesema, "Safari hii sitaki kukuhesabia kimya, ni kazi yako. Niambie niichukue au nisiichukue."

Nimelizungusha swali hilo kichwani siku zote hizi. Mara nasema nikuambie usichukue, nitarudi hata kesho. Lakini mkataba haujaisha na pasipoti iko kabatini kwa kafili. Mara nasema uchukue, kisha naiona picha ya lile shati na mkono unakataa kuandika. Nimewaza mpaka nimegundua kitu kibaya, kwamba nilitaka ile nafasi ikae tupu ikinisubiri, hata kama wewe ndiye wa kusimama pembeni ukiitazama ilivyo tupu. Kumbe hayo ndiyo niliyokuwa naita mapenzi.

Kabla sijakujibu, nimalize salamu, maana nikishajibu sitakuwa na la kuongeza. Msalimie mama yangu, umwambie goti si baridi, aende kliniki. Msalimie Mutheu, dawati la mbele ni lake, asikubali kusukumwa. Wasalimie shemeji yangu wa duka la mbegu na mkewe, na mchungaji wetu, ambaye ulisema anaombea madereva wa Uarabuni kila Jumapili. Mwambie aendelee, ila awataje na wapishi. Meneja msalimie. Festus naye msalimie, kwa mbali.

Kyalo anakuletea pia kofia. Nimeinunua hapa Batha baada ya kujaribu nyingi mpaka mwenye duka akanichoka. Ina ukingo mpana pande zote na kamba ya kidevuni, upepo wa timboni hautaichukua. Uivae. Mwamuzi anahitaji mikono yake yote miwili, na Festus naye anahitaji kupumzisha wa kwake.

Sasa jibu langu. Nalisema kwa maneno, kama inavyotakiwa, ili pasiwe na rufaa: siko tayari. Siko tayari kuwa mtu wa geti wakati wewe unasimama nyuma ya wapigaji. Siko tayari kwa shati lenye jina lako. Nina wivu mpaka kwenye kucha.

Lakini unajua mpigaji akisema hivyo mwamuzi anafanya nini, nilikufundisha mimi. Hamfukuzi wala hamcheki. Anamwacha avute pumzi, arekebishe masikio, aweke miguu vizuri. Kisha anamuuliza tena. Pumzi nimeivuta humu ndani ya barua. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, ngoja Kyalo anywe chai yake aondoke, halafu unipigie wewe mwenyewe. Usianze na salamu. Simama nyuma yangu kama kule jikoni, uniulize kama niko tayari.

Nitanyamaza.

Mume wako,
Baba Mutheu